Mwataka Ngoma, Hamwendi kwa Mwenye Ngoma

Video ilikuwa ya dakika nne na nusu. Watoto wa Gredi ya 7 walikwenda kwenye mikoko ya hori ya Tudor, wakavua viatu, wakapima miche, wakamhoji mama mmoja anayefuga kaa, wakarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Binti yangu ndiye aliyehariri, usiku wa Jumapili, kwa simu yangu na bando langu. Chini ya sauti za wenzake akatandika wimbo wa bongo fleva uliokuwa ukivuma siku hizo. Jumatatu shule ikaipakia kwenye ukurasa wake. Jumatano, siku wazazi walipoitwa kuitazama, video ilikuwa bubu: roboti ya mtandao ilikuwa imeutambua wimbo ule wa watu, ikaizima sauti yote. Midomo ya watoto inacheza, kaa anatembea, na hata ndege hasikiki. Mwalimu akasimama kando ya projekta akawa kama mtangazaji wa mpira.

Tulicheka. Usiku ule, kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, likazuka swali: muziki wa bure kwa kazi za watoto unapatikana wapi? Majibu yakamiminika. Mmoja alisema ukichukua sekunde 30 tu haina neno. Wa pili akashauri tuandike chini ya video kwamba wimbo si wetu. Wa tatu, fundi wa simu, akasema ongeza kasi kidogo, roboti haitautambua. Wa nne akakata shauri kwamba shule si duka, elimu inaruhusiwa. Wa tano akatuma kiungo cha "muziki usio na hakimiliki", saa tatu za kinanda cha kumlaza mtoto mchanga.

Nimeyatafuna majibu hayo kwa muda, na nadhani ugonjwa wake ni mmoja. Yote yanaukagua wimbo, yanauliza urefu wake, kasi yake, umri wake. Hakuna hata moja lililomtafuta mtu. Ilhali "bure" si sifa ya wimbo kama "mrefu" au "mtamu". Ni ruhusa, na ruhusa hutoka kwa fulani, ikapewa fulani, kwa kazi fulani.

Tuanze na zile sekunde 30, maana uvumi huu una asili, na asili yake si huku kwetu. Mwaka 1996 huko Marekani, wachapishaji na taasisi za elimu waliafikiana mwongozo kuhusu kazi za wanafunzi zenye picha na sauti: muziki usizidi asilimia 10 ya wimbo, na kwa vyovyote usipite sekunde 30. Haikuwa sheria hata kwao, yalikuwa maelewano tu. Lakini namba ikikaa vizuri mdomoni husafiri, na hii ilivuka bahari ikaacha maelezo yake bandarini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haina sekunde 30 popote. Inachoruhusu bila kuomba ni matumizi ya haki kwa utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari, tena kwa kutaja chanzo. Shule nazo zimefunguliwa vijilango vichache vyembamba, kama ule wa vifungu viwili vifupi vya kazi ya mtu ndani ya mkusanyiko ulioandaliwa kwa ajili ya wanafunzi.

Darasani, mlango umefungwa, sidhani yupo msanii atakayemwandama mwalimu kwa kuwachezea watoto 45 wimbo wake. Kupakia mtandaoni ni habari nyingine, kwani hapo darasa limehamia barabarani. Content ID, ile roboti ya YouTube iliyoanza kazi 2007, haiulizi kama huu ni mradi wa shule. Inalinganisha sauti na sauti, basi. Na lile tangazo la kwamba wimbo si wetu? Hilo ni kukiri kosa kwa maandishi na kulitia sahihi.

Mzazi wa sita, mwenye kinyozi pale Majengo, alikuja na hoja ambayo kidogo initeke. Yeye hulipia leseni ya muziki dukani kwake, kwa nini shule isitumie leseni ya namna hiyo? Ni swali la mtu anayelipa, na linastahili jibu. Leseni ya kinyozi humruhusu kuwachezea wateja nyimbo. Kuubandika wimbo kwenye picha ukawa sehemu ya kazi mpya ni haki nyingine kabisa, na huombwa kwa wenye wimbo wenyewe. Lakini risiti yake inafundisha jambo. Kenya tulizoea kusikia vyama vitatu vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Watu hulalamika kwamba ni vingi. Kuwa kwake vitatu kunakuambia kwamba ndani ya wimbo mmoja mna watu wa aina tatu, na kumridhisha mmoja si kuwaridhisha wote.

Chukua "Jambo Bwana". Mtu wa Mombasa huudhania kuwa hauna mwenyewe, ni wa pwani nzima kama upepo wa kusi, kwa kuwa kutoka Bamburi hadi Diani hakuna hoteli ambayo haijawapigia watalii wimbo huo. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na bendi yake, Them Mushrooms, ikaurekodi 1982. Kwa sheria yetu rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ile yao ina ulinzi mpaka mwisho wa 2032. Utunzi una saa yake mbali: maisha yote ya mtunzi, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake. Boney M walipoupiga upya 1983, rekodi yao ikaanza kuhesabu saa ya tatu. Kwaya ya shule ikiuimba wenyewe, bila kugusa sauti ya mtu, itakuwa imezikwepa rekodi zote mbili. Utunzi bado umesimama mlangoni.

Kwenye kasida mambo ni yale yale, ila huko watu hukasirika ukiwaambia. Kasida ni ya Mungu, wanasema, nani atakuja kuidai? Maneno ya Burda, ile kasida ya al-Busiri ya kumsifu Mtume, ni ya karne ya 13, na ni kweli hayana mdai. Lakini kijana wa Kibokoni aliyeyasoma studioni mwaka juzi, kwa pumzi yake na matari ya wenzake, yuko hai, ana namba ya simu, na hajaulizwa.

Halafu kuna Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ambaye kila mwalimu wa Kiswahili hutamani sauti yake kwenye kazi ya wanafunzi. Alikwenda Bombay 1928 kurekodi, akafariki 1950. Kwa hesabu ya Kenya, rekodi za 1928 zilimaliza ulinzi wake 1978. Hesabu ya Marekani ni nyingine. Kwa sheria waliyoipitisha 2018, rekodi za miaka hiyo zinalindwa miaka 100, kwa hiyo santuri ya 1928 itabaki kifungoni mpaka mwisho wa 2028. Sasa video ya shule ya Mombasa ikipakiwa kwenye mtambo wa kampuni ya Kimarekani, iko nchi gani? Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa bila kujua tumekanyaga nini. Tena hayo ni ya sauti tu, sijagusa washairi waliomtungia, ambao kila mmoja ana mwaka wake wa kufa. Na kama kampuni imeisafisha santuri hiyo juzi na kuitoa upya, roboti inaweza kukudai kwa jina la kampuni hiyo, uwe na haki usiwe nayo.

Roboti hukosea, na makosa yake hayachagui. Mwaka 2018 mpiga piano Mwingereza James Rhodes alipakia Facebook sekunde 47 akicheza Bach, yeye mwenyewe, kwa vidole vyake. Mfumo ukaona ni mali ya Sony. Bach alikufa 1750. Dai liliondolewa baada ya Rhodes kupiga kelele hadharani, na yeye alikuwa na wa kumsikiliza. Mwalimu wa Kisauni mwenye wafuasi 80 atapiga kelele kwa nani? Ndiyo maana nasema kuwa na haki hakutoshi, uwe na karatasi ya kuonyesha.

Sasa turudi kwa mzazi wa tano na kinanda chake. Yeye ndiye aliyekaribia, kwa sababu nyuma ya baadhi ya ghala hizo kuna mtu aliyetoa ruhusa kwa maandishi. Creative Commons, shirika lililoanzishwa 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002, ilifanya jambo moja la busara: ilimwezesha msanii kutangaza mapema masharti yake, ili usilazimike kumsaka. Lakini herufi za leseni hizo zina meno, na walimu huziruka kama watu wanavyoruka masharti ya mkopo wa simu. BY inadai umtaje. SA inadai kazi yako nawe uitoe kwa leseni ile ile. NC inakataa biashara. ND inakataa kubadilisha, na kwa maelezo ya Creative Commons wenyewe, kuufunganisha muziki na picha zinazotembea ni kubadilisha. Maana yake wimbo wenye ND hauingii kwenye video ya mikoko hata ukimtaja mwenyewe mara kumi.

NC nayo ina mtego wa kwetu hasa. Video ya watoto haina biashara siku inapotoka. Novemba ikifika, shule ya kulipia inaitafuta, inakata vipande vizuri vizuri, inaandika "nafasi za Januari zipo" na namba ya ofisi, inaituma kote. Muziki haujabadilika. Matumizi yamebadilika, na ruhusa imebaki nyuma. Nimeliona hili likitendeka na hakuna aliyeona tatizo, akiwemo mimi, mpaka nilipoketi kuandika makala haya.

Ghala zenyewe sitazipigia debe sana. Musopen hurekodi muziki wa zamani wa Ulaya ambao watunzi wake wamekwisha kufa, ili rekodi nayo iwe huru. Free Music Archive, Wikimedia Commons na Freesound zina mengi, kila faili na leseni yake, kwa hiyo soma ukurasa wa faili wala si ukurasa wa mbele. Kevin MacLeod ametoa vipande vingi kwa sharti la kumtaja tu, na bila shaka mmeshamsikia mara mia bila kumjua. Maktaba ya sauti ya YouTube ndiyo rahisi kwa anayepakia huko huko. Muziki unaokuja ndani ya TikTok umeruhusiwa ndani ya TikTok, ukiutoa nje umeiacha nyumbani ruhusa yake. Na wale wanaosema akili mnemba itatutungia yote: Suno, kwa anayetumia bila kulipa, hairuhusu biashara, na Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi ziliishtaki pamoja na Udio huko Marekani kwa madai kwamba zilifunzwa kwa nyimbo za watu. Si mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka 12 akajifunze uaminifu.

Lakini hata ghala zote zikiwa salama, mimi nina ugomvi nazo, na ugomvi wangu si wa sheria. Ni wa masikio. Nimetazama miradi ya shule kumi hivi za kisiwani na za bara: uvuvi wa Old Town, takataka za Mwakirunge, soko la Kongowea. Yote ina kinanda kimoja kinachodondoka pole pole, kama tangazo la bima. Mvuvi anavuta nyavu, na nyuma yake unasikika muziki wa lifti ya hoteli ya ng'ambo. Wazee walisema bura yangu sibadili na rehani. Sisi tumebadili, tena bila hata kuulizwa bei.

Na huu ni mji gani? Hapa kuna chakacha na vugo kila wikendi ya harusi. Kuna bango, mtindo wa Mzee Ngala. Kuna matari ya maulidi, kuna mwanzele wa Kigiriama, kuna sengenya, ngoma ya Wadigo, ng'ambo ya feri. Kampuni ya Mbwana Radio Service ilikuwa ikirekodi na kutoa taarab mjini humu humu. Ukitaka mwenye muziki umwombe ruhusa uso kwa uso, ni sehemu chache duniani ambako yuko karibu hivi.

Basi tulivuka Likoni, mimi, binti yangu na mwalimu wake, Jumamosi ya pili baada ya ile video bubu. Tulikuwa tumeelekezwa kwa mzee mmoja anayeongoza kundi la sengenya. Tukamkuta anakaza ngozi ya chapuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyu naye ni mwanafunzi?"

Mwalimu akaeleza: mikoko, video, roboti, hakimiliki. Alieleza kwa urefu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akageuka kwa binti yangu.

"Sasa nyinyi mwataka ngoma, hamwendi kwa mwenye ngoma. Mwenda kuuliza simu."

Kazi ilichukua saa mbili. Bumbumbu, chapuo, upatu, na nzumari aliyoipuliza kijana asiyezidi miaka 20. Tulirekodi kwa simu mbili chini ya mwembe, jogoo akiwemo. Kisha ikaja karatasi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu karatasi ndiyo inayowatisha walimu na haina cha kutisha. Ilikuwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Ilisema nani amepiga, kila mmoja kwa jina lake na si kiongozi peke yake, maana wapigaji nao wana haki zao katika sheria. Ilisema tumepiga siku gani, wapi. Ilisema rekodi itatumika kwenye video ya mikoko na kazi nyingine za wanafunzi wa shule ile, darasani na mtandaoni; haitauzwa; haitawekwa kwenye tangazo la shule bila kurudi kuuliza. Ilisema kundi litatajwaje. Ilisema nao wapewe nakala ya rekodi waitumie watakavyo. Hilo la mwisho mzee ndiye aliyelidai, na nikaona aibu kwamba hatukuliwaza.

Kuna wanaosema ngoma ya jadi haina haja ya haya, ni ya wote. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii inaiona jamii kuwa ndiyo mwenye mali. "Ya wote" maana yake ni ya wote walio ndani yake. Mimi wa kisiwani si ndani yake, naomba kama mgeni anavyoomba maji.

Tuliwapa nauli, chakula na kitu mkononi, fedha zilizochangwa na wazazi. Najua hoja inayofuata. Si kila mwalimu ana Jumamosi, si kila shule ina wazazi wa kuchanga, na mtaala umekwisha kuwabebesha watu miradi mpaka migongo inalia. Kumwambia mwalimu wa Changamwe mwenye madarasa manne aende akatafute mpiga nzumari kila muhula ni dhihaka. Nakubali. Ndiyo maana naona kosa si la mwalimu. Kaunti na wizara zina wajibu ambao hawajaubeba. Tamasha la Muziki la Kenya huwaleta watoto jukwaani kila mwaka na nyimbo za jadi zilizopangwa na walimu wetu wenyewe. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina hifadhi yake mtandaoni, Kenya Education Cloud. Vikundi 20 tu vya pwani vikirekodiwa vizuri, vikalipwa mara moja malipo ya heshima, kwa leseni iliyoandikwa wazi kwamba shule yoyote nchini itumie na kutaja, maswali ya WhatsApp yatapungua nusu. Gharama yake haifiki ya tamasha moja la mwanasiasa uwanjani.

Na kuna chanzo kingine ambacho hakuna aliyekitaja kwenye grupu, nacho ni watoto wenyewe. Wanafunzwa midundo shuleni, wanapimwa kwayo, kisha tukihitaji sauti ya sekunde 40 tunakimbilia ghala za ng'ambo. Makofi, vifuu vya nazi, ndoo. Ila shule ijue pia kwamba mtoto akitunga, mwenye hakimiliki ni mtoto, hata kama hajasajili popote. Haki huzaliwa kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Nilimwambia binti yangu hivyo. Tangu siku hiyo ananitoza kila nikiimba kibwagizo chake jikoni.

Video mpya ilipokamilika tulimtumia mzee kabla ya kuipakia, maana ndivyo karatasi ilivyosema. Alikaa kimya siku mbili, nikadhani hajapata bando. Siku ya tatu ikaja sauti yake kwenye simu. Watoto wamesema vizuri, alisema, na kaa amemfurahisha. "Lakini nzumari mmeifunika. Ipandisheni kidogo, ndipo muitie mtandaoni."